Rosa Mistika na Sisi Wakulima wa Ufuta

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na mpaka leo nasikia watu wakisema ni hadithi ya binti aliyeharibika. Mimi nabisha. Zakaria anampiga mwanawe kwa sababu ya barua ya mvulana, halafu Rosa anakwenda sekondari akiwa hajawahi kuamua lolote mwenyewe. Kilichomzuia nyumbani ni kumwogopa baba. Baba akiwa mbali, amwogope nani?

Huku kwetu, Nachingwea na Ruangwa, wavulana tunaingia jandoni, wasichana wanachezwa unyago, tunaambiwa sasa mmekuwa watu wazima. Kesho yake unaomba hela ya sabuni! Mimi nina miaka 24, nalima ekari moja ya ufuta, ila mzigo unapimwa ghalani kwa jina la mzee na malipo yanaingia kwenye akaunti yake. Simlaumu, kanilea. Lakini nikimsoma Rosa najiona mwenyewe, na mara ya kwanza nilikifunga kitabu katikati kwa woga.

Ninapogombana na Kezilahabi ni mwishoni. Rosa anajiua, basi. Ningetaka aishi hata mwaka mmoja zaidi, apange chumba, kodi ailipe mwenyewe, akosee hesabu, arudie. Riwaya ninayoandika inaanzia hapo. Nimefika sura ya nne, na daftari limekwisha. Sijui nimwombe mzee lingine au nisubiri msimu.