Neno "Zoezi" katika Magazeti Yetu

Walimu wenzangu, liko neno moja ambalo sisi huliandika ubaoni kila siku, nalo limetoka shuleni likaenea katika magazeti yote. Neno hilo ni zoezi. Yafaa tulipime, kwa kuwa watoto wetu hapa Pasiansi, ambao wengi wao husikia Kisukuma nyumbani, hujifunza Kiswahili kwa magazeti na redio kama wajifunzavyo kwetu.

Asili yake haina fumbo. Kuzoea ni kupata wepesi wa jambo kwa kulirudia. Kuzoeza ni kumfanya mwingine azoee. Zoezi ni lile tendo limzoezalo mtu. Mwanafunzi hupewa zoezi la hesabu ili akili yake ipate wepesi. Vijana wa chuo cha uhifadhi wa wanyamapori hapa Pasiansi hufanya mazoezi ili miili yao izoee kazi ya porini. Basi kila zoezi lina mambo mawili: ni matayarisho ya kazi, si kazi yenyewe, na akoseaye huruhusiwa kurudia.

Sasa tuwasikilize waandishi wa habari. Mwaka 2022 watu walipohesabiwa, tulisoma habari za "zoezi la sensa." Uchaguzi ukija, ni "zoezi la kupiga kura." Watoto wakichanjwa, ni "zoezi la chanjo", mabanda ya wachuuzi yakivunjwa, ni "zoezi la kuondoa mabanda." Mara nyingi neno hili halina kazi yo yote. "Zoezi la kupiga kura limeanza" maana yake ni "Watu wameanza kupiga kura". Tena sentensi ya pili ina watu ndani yake, na ya kwanza haina. Kadhalika mwenye kusoma kwamba zoezi la kuondoa mabanda limefanyika haambiwi ni nani aliyebomoa, wala ni nani aliyebomolewa.

Kama ingekuwa hayo tu, ningaliliita kosa dogo. Lakini tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Siku zile habari zilijaa "zoezi la uokoaji," na baadaye "zoezi la kuopoa miili." Hapo neno hili laumiza. Askari wa zimamoto wakijifunza namna ya kuokoa watu, hilo ni zoezi la uokoaji, nalo ni halali. Watu walipokuwa majini kweli, jina likawa lile lile. Msomaji mwenye ndugu chomboni atatofautishaje? Zoezi hurudiwa, bali aliyezama hafi mara mbili. Wala kuopoa maiti si jambo tunalotaka kulizoea, hasa sisi wa ziwa hili, ambalo tarehe 21 Mei 1996 lilikuwa limekwisha kumeza mamia ya watu pamoja na meli ya MV Bukoba.

Watetezi husema kwamba lugha hukua, na ya kuwa mwandishi huandika kama alivyosema ofisa. Yote mawili ni kweli. Waingereza wana neno moja kwa kazi ya daftari, kwa mazoezi ya askari, na kwa kutumia haki au mamlaka. Naona ofisi zetu zimeutwika mzigo huo wote juu ya neno letu moja. Lakini lugha hukua kwa kupata tofauti mpya, si kwa kufuta zile ilizo nazo. Tunayo kazi, shughuli, jitihada na msako. Na mara nyingi kitendo chenyewe chatosha: waliokoa, walihesabu, walibomoa.

Nashauri basi tuwape wanafunzi gazeti, wapige mstari chini ya kila "zoezi," wakiuliza: Je, yuko mtu anayezoezwa hapa? Kama hayuko, walifute, waandike aliyetenda na alilotenda. Na wakikosa, warudie, kwa maana hilo litakuwa zoezi kweli.