Farumi ya Upande Mmoja

Boti ya skii ya zamani ni chombo kilichobuniwa kwa makusudi kisiache wimbi, na mtu asiyelijua hilo, akaanza kuijaza uzito kwa tamaa ya kupata wimbi la kutelezea bila kamba, hushindana na fundi ambaye makusudio yake hakuyafahamu. Walioiunda Ski Nautique mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wale wa MasterCraft waliofuata tangu 1968, walikuwa wakimhudumia mchezaji avutwaye kwa mwendo wa kilomita 58 kwa saa, ambaye kila tuta la maji analolikatiza humwia kikwazo. Kwa hiyo wakaifanya tezi kuwa bapa, wakapunguza uzito wote uwezao kupunguzwa, na injini wakaiweka katikati ili omo na tezi zilingane. Mtelezaji wa wimbi hutaka kinyume cha hayo yote. Yeye huenda kilomita 16 hadi 19 tu kwa saa, huiachia kamba akiisha kusimama, na tangu hapo husukumwa na mteremko wa maji peke yake, ambao sharti uwe mrefu, ulioinuka, na usio na povu.

Boti mpya za kazi hii huja na matangi ndani ya umbo lake, lakini bei yake si ya watu wengi, wala sijaona sababu ya kuidharau boti kuukuu iliyo na injini nzima. Tunaoishi kando ya Ziwa Kivu, hapa Gisenyi, tuna maji yafaayo kwa jambo hili kuliko maziwa mengi ya Marekani ambako mchezo huu ulikulia, na nitaonyesha kwa nini.

Kanuni ya kwanza ni kwamba wimbi lifuatalo chombo huenda kwa kasi ya chombo, na katika maji ya kina kasi hiyo ndiyo iamuayo masafa kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mwingine. Haya ni maarifa ya kale, yaliyochambuliwa kwa hesabu na Lord Kelvin mwaka 1887 alipoeleza umbo la mawimbi ya meli. Boti iendayo kilomita 18 kwa saa huvuta mawimbi yenye masafa ya mita 16 hivi, iwe tupu au imejaa. Kimo cha wimbi ndicho kinachotokana na uzito, kwani umbo lililozama zaidi husukuma kando maji mengi zaidi, na maji hayo, tezi ikiisha kupita, hurudi kwa nguvu kulijaza shimo lililoachwa. Aidha, wimbi huanza kuisikia ardhi pale kina kinapopungua chini ya nusu ya masafa yake, yaani mita nane katika mfano wetu, na Kivu, ambalo kina chake hufika karibu mita 480, humpa nahodha nafasi ya kutosha akiisha kuondoka ufukoni.

Mwendo basi huupima urefu, na uzito huupima kimo. Lakini sura ya wimbi, ambayo ndiyo roho ya shughuli yote, huamuliwa na mahali uzito ulipowekwa. Maji ya ubavu wa kulia na ya ubavu wa kushoto hukutana nyuma ya tezi, na yakikutana kwa wakati mmoja huvurugana yakawa povu. Ili upande mmoja ubaki safi, hapana budi maji ya upande wa pili yacheleweshwe, na njia ya zamani ya kuyachelewesha ni kuilaza boti. Mfuko mkubwa wa maji, wa lita 300 au 400, huwekwa kwenye pembe ya tezi upande utakaotelezewa. Wa pili huwekwa kando ya injini, upande ule ule. Na mdogo hutiwa omoni, kwa sababu tezi ikizama peke yake wimbi huwa refu kwa kimo na fupi kwa mteremko, na mshika usukani haoni mbele. Abiria nao ni farumi, yaani uzito wa kulemeza chombo: hukaa upande wa wimbi, na akihama mmoja tu mtelezaji huhisi. Upande wenyewe huchaguliwa kwa miguu, kwani atangulizaye mguu wa kushoto hutelezea kushoto mwa boti ili aukabili mteremko.

Wavuvi wa sambaza wa ziwa hili hufanya kinyume kabisa, tena kwa ustadi mkubwa: hufunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu ya mikaratusi, ili uzito wa nyavu na wa watu usiweze kukilaza chombo upande wowote. Anayetaka kuilaza boti kwa makusudi na awatazame kwanza, apate kujua ni usalama gani anaouacha.

Kwa sababu hiyo mimi napendelea njia ya pili, ambayo ni kubandika kibao kwa vikombe vya kufyonza kwenye ubavu usiotelezewa, karibu na tezi na chini ya mstari wa maji, kikayapotosha maji ya upande huo na kuyachelewesha. Fikra hiyo iliingia katika boti za kiwandani mwaka 2012, waundaji wa boti wa Malibu walipoleta milango yao ya tezini, na kibao cha mkono hufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo. Farumi yaweza hapo kugawanywa karibu sawa pande zote mbili, na boti kuukuu yenye kingo fupi ikasalimika na kulala kupita kiasi.

Ama kuhusu farumi yenyewe, mabaharia wa pwani walitumia mawe na mchanga, lakini katika boti ndogo iliyo wazi maji ni bora. Lita moja ni kilo moja, pampu ya betri huyavuta kutoka ziwani na kuyarudisha, na, jambo lililo kubwa kuliko yote, mfuko wa maji uliozama hauna uzito, hivyo boti ikifurika mfuko hauivuti chini kama mchanga ungefanya. Sharti tu mfuko ujazwe pomoni, kwani maji yaliyo nusu hukimbilia upande unaoinama na kuuzidishia mzigo wakati mbaya kabisa. Hatari kubwa ni wakati wa kupunguza mwendo ghafula, ambapo wimbi la nyuma huipata boti na omo iliyolemewa hunywa maji.

Jambo moja hapa ni zito kuliko pwani. Gisenyi iko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kwa wepesi wa hewa injini ya petroli isiyosaidiwa na kipuliza hewa hupoteza takriban sehemu moja katika saba ya nguvu zake. Boti iliyoongezewa kilo 800 huinuka kwa taabu, injini ikinguruma bila kufikia mizunguko yake. Dawa si kupunguza farumi mara moja, bali ni kubadili rafadha, kwa kutia yenye mkato mdogo, isukumayo chombo masafa mafupi zaidi kwa kila mzunguko, na kuridhika kwamba kasi ya juu itapungua, nayo haihitajiki.

Yote niliyoyasema ni ya boti ambayo rafadha yake iko chini ya umbo, mbele ya tezi. Boti yenye injini ya kuning'inizwa nyuma haifai hata kidogo, kwa kuwa mtelezaji yuko mita tatu tu kutoka tezini, na akianguka huanguka penye rafadha. Na hata kwenye boti ifaayo, moshi wa injini una sumu isiyo na rangi wala harufu, basi mtu asikae kwenye jukwaa la nyuma injini ikiwaka.

Wimbi lililotengenezwa halifi linapomwacha mtelezaji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipima mawimbi ya boti hizi, na mwaka 2022 wakashauri ziwe zaidi ya futi 500, yaani kama mita 150, kutoka ukingoni. Mimi ningeuzidisha umbali huo mbele ya mitumbwi ya wavuvi, ambayo kingo zake ziko karibu na maji, na mbele ya ufuko wanakooga watoto. Mifuko na imwagwe huko huko kilindini, kabla ya kugeuza omo kuelekea mjini, kwa sababu boti iliyojaa farumi huacha wimbi kubwa hata nahodha anapodhani kwamba amekwisha kupunguza mwendo wa kutosha.