Malaika wa Petro, Upanga wa Yakobo

Panda matatu yoyote Nairobi na si ajabu ukutane na stika ya Zaburi 91, ile ahadi ya malaika wa kukulinda. Sina noma na stika. Shida yangu ni mahubiri ya malaika tunayolishwa kila Jumapili, kwa sababu yanasoma nusu ya hadithi.

Chukua Matendo ya Mitume sura ya 12, kipenzi cha wahubiri. Petro yuko jela, kalala katikati ya askari wawili, minyororo miwili mwilini. Herode amempangia vikosi vinne vya askari wannewanne. Watu 16 wa kulinda mvuvi mmoja! Usiku malaika anaingia, minyororo inadondoka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Kanisa zima linasimama kwa vifijo.

Sasa rudi mstari wa 2. Herode huyohuyo amemuua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Luka anampa sentensi moja, basi. Hakuna mwangaza kwenye seli wala lango linalofunguka. Hatuambiwi kwamba imani yake ilikuwa ndogo, au kwamba kuna mtu alisahau kumwombea.

Mbona mstari huo unarukwa? Nimewahi kukaa ibadani nikisikiliza ushuhuda wa mtu aliyetoka salama kwenye ajali ya barabarani. Malaika walinishika, akasema, tukapiga makofi. Benchi la nyuma alikuwepo mama aliyemzika kijana wake kutoka gari lilelile. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Aliyepona alikuwa na haki ya kushukuru, sikatai. Lakini ukihubiri malaika kama bima, unamwambia huyo mama kwamba mwanawe hakuwa amelipia.

Luka hafanyi hivyo, na ndiyo maana namheshimu kama mwandishi. Kifo anakiweka kwanza, hata ukifika kwenye muujiza tayari una kidonda. Halafu malaika wake si wa kadi ya Krismasi. Anampiga Petro ubavuni ili aamke. Mwisho wa sura malaika anampiga Herode, naye analiwa na chango akafa. Kwa Kigiriki kitenzi ni kilekile. Na wale walinzi? Asubuhi Herode anaamuru wauawe. Hiyo pia hairushwi kwenye spika.

Kipande ninachokipenda zaidi ni cha mlangoni. Petro anabisha kwa Mariamu, mama yake Marko, ambako watu wanamwombea. Msichana Roda anatambua sauti yake, kwa furaha anasahau kufungua, anakimbia ndani kuwaambia. Wanamwona kama amerukwa na akili. Ni malaika wake, wanasema. Yaani watu walio katikati ya maombi wanaona ni rahisi kuamini malaika yuko nje kuliko kuamini maombi yao yamejibiwa. Nadhani baada ya kumpoteza Yakobo, ningekuwa hivyohivyo.

Petro akishaingia anawasimulia yote, kisha anawaagiza wampashe habari Yakobo. Ni Yakobo mwingine, ndugu yake Bwana. Luka haongezi neno lolote hapo. Lakini jina limetajwa kwa sauti, ndani ya chumba kile, na lazima kuna aliyeshtuka.