Segovia na Mkono Unaohama

Kuna vitabu visivyo na hadithi hata moja, lakini vinasomeka. Kijitabu cha skeli za gitaa cha Andrés Segovia, kilichotoka 1953, ni kimojawapo. Dibaji fupi, halafu nota tupu: skeli kubwa na ndogo, pamoja na tarakimu za vidole. 1 ni shahada, 4 ni kidole cha mwisho. Basi.

Hizo tarakimu ndizo zenye maneno. Kwenye piano kila sauti ina mahali pamoja tu. Kwenye gitaa, sauti ya uzi wa kwanza ukiwa wazi unaipata pia kwenye uzi wa pili freti ya 5, wa tatu freti ya 9, wa nne freti ya 14. Kwa hiyo anayekuandikia vidole anakuchagulia njia, na njia ni maoni. Segovia anataka mkono usafiri. Skeli zake hupanda shingo ya gitaa kwa kuhamahama, na nyingine hushuka kwa vidole tofauti na vya kupandia. Mara ya kwanza niliona ni ukaidi wa mzee tu.

Mimi nilifundishwa mfumo mwingine, CAGED. Kodi tano za mwanzo (si ya mapato, jamani, ya muziki), yaani C, A, G, E na D, zinageuzwa vyumba vitano vinavyofunika shingo nzima. Una wema wake. Apejio, yaani nota za kodi zikipigwa moja moja, imo humo humo ndani ya umbo la kodi: ukishika C, basi C, E na G ziko chini ya vidole vyako. Nikakariri vyumba miaka miwili. Halafu, kwenye harusi ya binamu yangu, nikaombwa nimsindikize shangazi akiimba. Alipopanda, mimi nilibaki chumbani nikizungukia nota zile zile. Akanitazama, akaendelea bila gitaa.

Nilipokirudia kijitabu, pale nilipopadharau ndipo paliponishika. Kila mahali mkono unapohama pakawa kama pumzi kati ya ukwapi na utao: mstari unageuka, lakini haukatiki. Vyumba havikunifundisha kutoka. Segovia anafundisha kutoka, tena bila kueleza neno.

Ila lawama ipo. Skeli zimejaa, apejio hakuna. Unaweza kuzimaliza zote usijue nota ipi ni ya kukaa na ipi ni ya kupita. Dibaji inazisifia skeli kwamba hutatua matatizo mengi ya ufundi kwa muda mfupi kuliko zoezi lolote. Sawa, lakini shangazi hakuwa na shida ya ufundi wangu, alitaka nimfuate. Mwaka mmoja kabla ya kijitabu hicho, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Katanga akipiga "Masanga" kwa dole gumba na shahada. Sikiliza jinsi wimbo unavyochipuka ndani ya kodi zenyewe. Ukurasa wa aina hiyo Segovia hakuuandika.

Kwa hiyo nimechukua penseli, nikazungushia duara kila C, E na G kwenye skeli yake ya kwanza. Nafuata vidole vyake, nasimama kwenye maduara yangu. Inakwenda polepole mno.

Harusi nyingine ipo Desemba. Shangazi hajasema kitu.