Sitna na Yegar-sahadutha: Majina Yaliyonyamazishwa katika Mwanzo ya Kiswahili

Jina la pekee huchukuliwa kuwa kitu kisichotafsirika: mfasiri hulinakili, hulipa irabu ya mwisho, kisha huendelea na safari yake. Makala haya yanahoji desturi hiyo kwa kusoma sura ya 26 na ya 31 za kitabu cha Mwanzo katika tafsiri ya Union Version ya 1952.

Katika sura ya 26, wachungaji wa Gerari wanagombania maji na watu wa Isaka. Kisima cha kwanza kinaitwa Eseki, cha pili Sitna, cha tatu Rehobothi. La kwanza na la tatu msimulizi anayafafanua papo hapo, kwa ugomvi na kwa nafasi. Sitna halifafanui. Hakuwa na haja: msikilizaji wa Kiebrania alisikia humo uadui, kutokana na mzizi uleule wa neno lililotufikia sisi kama Shetani. Msomaji wa Kiswahili hupokea silabi tupu, na ngazi ya masimulizi, kutoka ugomvi hadi uadui hadi upana, hukosa kipago cha katikati.

Hasara ya sura ya 31 ni kubwa zaidi. Labani na mkwewe Yakobo wanapatana kando ya rundo la mawe. Labani analiita Yegar-sahadutha, Yakobo analiita Galedi. La kwanza ni Kiaramu, tena ndicho Kiaramu pekee katika vitabu vitano vya Musa. La pili ni Kiebrania. Yote mawili yana maana moja: rundo la ushahidi. Rundo hilo ni mpaka pia, ambao hakuna atakayeuvuka kwa nia ya kumdhuru mwenzake. Asiyejua maana hudhani kwamba wanabishana juu ya jina. Kumbe wanakubaliana, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Lililo chungu ni kwamba sahadutha si neno geni kwetu kabisa. Mzizi wake ni ndugu wa ule wa Kiarabu uliotupa shahidi, ushahidi na shahada. Sikio la Mswahili liko karibu na kinywa cha Labani, lakini hakuna anayeliambia.

Itasemwa kuwa undugu wa mizizi si maana. Nakubali. Rehobothi nalo lina undugu na mzizi wa Kiarabu uliozaa marahaba, na hakuna anayeitikia shikamoo akiwaza upana wa ardhi. Kwa hiyo sipendekezi majina yabadilishwe. Hata hivyo, wafasiri wa 1952 hawakuyatendea majina yote sawa. Katika sura ya 17, Abramu anakuwa Ibrahimu: umbo la kwanza limefuata njia ya Kiebrania, la pili njia ya Kiarabu, jinsi lilivyozoeleka pwani. Badiliko ambalo katika Kiebrania ni la herufi moja tu limekuwa kama kumpa mtu jina jipya kabisa. Hapo mazoea ya msomaji yalishinda unakili. Kwa nini basi yasizingatiwe penye Sitna?

Nakala niliyoisoma haina tanbihi yoyote mahali hapo. Ingetosha kuandikwa chini ya ukurasa: Sitna, uadui, Yegar-sahadutha na Galedi, rundo la ushahidi, kwa Kiaramu na kwa Kiebrania.