Askari au Matarishi? Istilahi za Kinga ya Mwili Katika Ujauzito

Katika tafsiri kadhaa za uganga tulizopata kuzipitia, saitokini zimeitwa "askari wa mwili". Hatuna budi kuipinga istilahi hiyo, kwani yapotosha maana, hasa inapohusu mama mjamzito na mtoto aliye tumboni.

Saitokini ni protini ndogo zitolewazo na seli ili kupeleka habari kwa seli nyingine. Kazi hiyo ni ya tarishi, si ya askari. Wengine wamependelea "vichocheo". Lakini neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa homoni, na tena baadhi ya saitokini, kama interlukini-10, kazi yake kubwa ni kutuliza.

Lugha hii ya vita ina hatari yake. Mwaka 1953 Peter Medawar wa Uingereza aliuliza imekuwaje mwili wa mama usimkatae mtoto, ambaye nusu ya urithi wake ni wa baba. Mfasiri anayelieleza swali hilo kwa lugha ya vita humgeuza mtoto kuwa adui, na kinga ya mama kuwa jeshi lililolazwa usingizi. Sivyo ilivyo. Katika miezi ya mwanzo, seli nyingi za kinga zilizomo katika utando wa mji wa mimba ni za jamii ile iliyopewa na wataalamu, katika miaka ya 1970, jina la "wauaji wa asili". Humo kazi yao si kuua: hutoa saitokini na protini nyingine zinazosaidia kupanua mishipa ya damu ya mama, ili kondo la nyuma lipate damu ya kutosha. Mishipa hiyo isipopanuka vema, huweza kufuata shinikizo la damu na hatari ya kifafa cha mimba. Mwanafunzi wa ukunga akisoma "seli uuaji" atadhani kuwapo kwake ndiko ugonjwa. Twaona afadhali kuandika "seli NK" na kueleza kazi yake.

Neno jingine ni "uvimbe", litumikalo kwa tendo la kinga liletalo joto, wekundu na maumivu. Lakini kwa mjamzito uvimbe ni miguu iliyojaa maji, au nyama iliyoota katika kizazi. Muuguzi akisoma kwamba "saitokini za uvimbe" zikizidi uchungu huweza kuanza kabla ya wakati, atatazama miguu, ilhali hatari huenda ni maambukizo yaliyofika katika maji yanayomzunguka mtoto. Wala tendo hilo si ugonjwa daima: likija kwa wakati wake, husaidia kulainisha mlango wa kizazi ili mtoto azaliwe.

Kwa hiyo twapendekeza "saitokini" na "inflamesheni" zikopwe, na kila moja ifafanuliwe inapotajwa mara ya kwanza: saitokini kuwa protini tarishi za kinga, inflamesheni kuwa mwitikio wa kinga. Wakunga na walimu wao, ambao ndio watakaoyatumia maneno haya wodini, twaomba watuletee maoni yao kabla hayajasanifiwa.