Nani Anayesema “Mimi” katika Hati ya Hataza?

Tukisoma riwaya tunauliza nani anasimulia. Tukisoma hati ya hataza hatuulizi, labda kwa kuwa jibu limo katika mstari wa kwanza. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mbunifu ili kazi yake isiigwe kwa muda maalumu, na hati za Marekani za karne ya 19 kwa kawaida huanza kwa nafsi ya kwanza umoja: mimi, fulani, wa mahali fulani, nimebuni. Kisha huyo “mimi” anafifia. Yanabaki magurudumu, meno na mikanda, kana kwamba vitu hivyo vilijiunga vyenyewe.

Chukua hati ya mashine ya kuvunia ngano aliyopewa Cyrus McCormick tarehe 21 Juni 1834. Mashine inaeleweka: ubapa wenye meno unaokwenda kulia na kushoto, fremu inayozunguka na kulaza mabua juu ya ubapa, jukwaa la kuyapokea. Lakini mashine hiyo iliundwa katika shamba la familia huko Virginia, na katika kuiunda McCormick alisaidiwa na Jo Anderson, mtumwa wa shamba hilo. Jina la Anderson halimo katika hati.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga. Alisema hati ya sheria si wasifu, na msaidizi si mbunifu. Hoja yake ina uzito. Sidai kwamba McCormick aliiba wazo la mtu. Ninachodai ni kwamba aina hii ya maandishi haikuwa na mahali pa kumweka mtu kama Anderson, hata pale alipokuwa mbunifu mwenyewe.

Ushahidi wangu ni Ned, mtumwa wa Mississippi aliyebuni kifaa cha kupalilia pamba. Mwaka 1857 bwana wake, Oscar Stuart, aliomba hataza. Sheria ilimtaka mwombaji aape kwamba yeye ndiye mbunifu wa kwanza. Stuart hakuapa hivyo. Alikiri kwamba mbunifu ni Ned, kisha akadai kwamba matunda ya mikono na ya akili ya mtumwa ni mali ya bwana. Mwaka 1858 Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Jeremiah Black, alitoa jibu: mashine iliyobuniwa na mtumwa haiwezi kupewa hataza. Ned hakuweza kuomba kwa kuwa hakuhesabiwa raia. Stuart hakuweza kwa kuwa hakubuni.

Angalia kilichomponza Stuart. Si unyang’anyi wake, maana huo sheria za nchi ziliulinda. Kilichomponza ni kumtaja mtenda. Angeandika “mimi” na kuapa, karatasi yake isingetofautiana na nyingine, nasi leo tungeisoma bila shaka yoyote. Ndiyo sababu siamini tena kwamba ukimya wa hati hizi ni mtindo tu wa mafundi. Wanafunzi wa lugha tunajua kauli ya kutendwa inavyoturuhusu kusema “imeundwa” na kuishia hapo.

Stuart hakukata tamaa. Aliendelea kukitengeneza na kukiuza kifaa hicho bila hataza, na katika matangazo yake ikatajwa wazi kwamba aliyekibuni ni mtumwa, eti uthibitisho kwamba utumwa haudumazi akili.